Lumbesa ya Sindano

Ng'ombe wa bibi jirani alikufa mwezi wa saba, majira ambayo ukungu wa Ngorongoro unashuka mpaka kwenye mabati ya hospitali na saa nne asubuhi watu bado wamejifunga mashuka. Bibi huyo ana shamba nyuma ya uzio wetu, la mahindi na maharage ya ngwara, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Walipompasua wakakuta tumboni bonge limejisokota, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Bibi hakupiga kelele. Alilitia kwenye beseni, akalifunika kwa khanga, akapita getini, mlinzi akidhani anampelekea mgonjwa chakula. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akalitua beseni juu ya karatasi zangu.

"Matroni," akasema, "nimewaletea vitu vyenu."

Nikafunua. Zilikuwa glovu. Glovu juu ya glovu, zimeshikana, zimegeuka rangi ya majani yaliyocheuliwa, na katikati umepita mpira wa dripu ukiwa bado na kile kigurudumu chake cha kufungulia maji. Nilimwomba bibi radhi. Kwetu mtu ukimuulia ng'ombe huendi kwake na maneno matupu, lakini hospitali haina zizi, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa. Aliitikia kwa kichwa tu. Akakung'uta beseni lake, akaondoka nalo, akaniachia bonge mezani.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Aibu ikinishika haikai sana, inageuka ukali, na ukali wangu unajulikana kuanzia maabara hadi jikoni. Siku ile nilipita wodi zote nikipindua ndoo za taka mbele ya wauguzi. Tuna ndoo za rangi tatu, na kila mfanyakazi amefundishwa kipi kinaingia wapi: nyeusi ya takataka za kawaida, njano ya vitu vilivyogusa wagonjwa, nyekundu ya vyenye damu. Nilichokuta ni mchanganyiko wa kande. Chupa za soda zilikuwa kwenye njano, glovu zenye damu kwenye nyeusi pamoja na maganda ya ndizi, na taka za nyeusi ndizo zilizokuwa zinamwagwa kwenye shimo la nyuma, penye uzio uliotoboka, penye mbwa na upepo na ng'ombe wa bibi. Nilisema maneno mengi. Wauguzi waliinamisha vichwa, wakanisubiri nimalize.

Mganga Mfawidhi, bosi wetu, mtu mpole anayeogopa vikao kuliko kipindupindu, alilitazama lile bonge kwa mbali. "Matroni," akasema, "suala la mazingira nakukabidhi wewe."

Basi nikakabidhiwa. Nilianza kwa matangazo. Nilibandika makaratasi mpaka kuta zikaisha nafasi, na watu wakayasoma kama wanavyosoma kalenda ya mwaka jana. Nikaja na ukali, nao ukasaidia wiki moja. Kisha nikapelekwa semina Arusha, siku tatu, na huko mwezeshaji mmoja aliyevaa suti ya kung'aa akatufundisha kwamba mfanyakazi habadiliki kwa kufokewa, anabadilika kwa motisha. Nilirudi kwetu Karatu na neno hilo kichwani njia nzima.

Mashindano niliyoyatunga yalikuwa hivi. Kila Ijumaa saa moja na nusu asubuhi tungehesabu mifuko ya taka na maboksi ya sindano yaliyotoka kila wodi tangu Ijumaa iliyotangulia. Hesabu ingeandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya kantini, kila mtu aione. Mwisho wa miezi mitatu, wodi iliyotoa mifuko na maboksi machache kuliko zote ingepata mbuzi. Nilifikiri: mifuko ikipungua, taka zimepungua; taka zikipungua, moshi umepungua, na ng'ombe wa watu wamesalimika. Nilijiona nimevumbua moto.

Watu wakachangamka kweli. Mbuzi ni mbuzi. Waliokuwa hawasalimiani walianza kukumbushana kutovaa glovu mbili pale inapotosha moja. Jikoni waliacha kufunga kila andazi kwenye karatasi lake. Sitaki kusema kila kitu kilikuwa bure, maana si kweli. Wiki ya tatu hesabu ilishuka, ya nne ikashuka tena, na mimi nikawa napita kantini hata nisipokuwa na shida ya chai, niuone tu ule ubao.

Sasa nimtaje mtu ambaye ndiye sababu ya kuandika haya. Tanuri la kuchomea taka lilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja, kibarua, anayeishi kijiji cha Qurus alikoolewa na kufiwa na mume. Ndiye aliyekusanya mifuko na maboksi kutoka wodi zote, akayabeba mpaka nyuma, akapanda ngazi tano za saruji na kuyatia motoni. Mimi na yeye tulisoma darasa moja shule ya msingi, Rhotia. Tumekata kuni pamoja, tumechapwa pamoja, tumevaa sweta moja kwa zamu. Mimi nilifaulu, yeye hakufaulu, na hiyo ilikuwa bahati zaidi kuliko akili, kwa sababu hesabu yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha. Siku aliyoanza kazi hospitalini aliniita kwa jina langu la utotoni mbele ya wauguzi wanafunzi. Nilimvuta pembeni nikamwambia hapa kazini naitwa Matroni. Alisema sawa. Kuanzia hapo akaniita Matroni, hata tukiwa wawili tu.

Kuna jambo la utoto wetu ambalo lazima nilieleze, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kila mavuno wachuuzi walikuja na malori kununua mahindi kwa gunia. Bei ilikuwa ya gunia, si ya uzito, kwa hiyo vijana wa mchuuzi walilijaza gunia, wakapanda juu yake na kulishindilia kwa miguu, wakalijaza tena, kisha wakaliongezea kichwa juu na kukishona kwa kamba. Gunia moja kwa jina, moja na nusu kwa haki. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mtoto wa mkulima Karatu asiyeijua. Mimi na yeye ndio tulioshika midomo ya magunia, baba yangu na baba yake wamesimama pembeni mikono nyuma. Baba yangu alikuwa mtu wa sala, lakini nilimsikia akilaani lori likiondoka. Nilikua nikiamini hakuna mwizi mbaya kama yule anayekuibia ukimtazama, tena kwa kipimo ulichokikubali mwenyewe.

Mwezi wa pili wa mashindano, mwenzangu huyo wa tanuri alinisimamisha karibu na kisima cha maji.

"Matroni," akasema, "mifuko imekuwa michache, ila mizito."

Nilikuwa nina wageni kutoka mkoani asubuhi ile. Walikuja kuuona ubao. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la sare na nimeshika faili.

"Wewe kazi yako kuchoma," nikamwambia. "Mambo ya hesabu niachie mimi."

Alinitazama kidogo. Kisha akaokota mifuko yake. Nimelikumbuka jibu langu lile mara nyingi, na kila nikilikumbuka nasikia na sauti niliyolisemea. Wageni walipiga picha ubaoni. Mimi nilisimama katikati.

Ijumaa ya mwisho ilifika. Wodi ya wazazi ndiyo iliyoshinda: wiki nzima walikuwa wametoa boksi moja tu la sindano, na wodi ile inazalisha usiku na mchana. Hilo peke yake lilitosha kumshtua hata karani. Halikunishtua. Boksi la sindano ni kadibodi ngumu ya njano yenye tundu juu na mstari ubavuni, penye robo tatu. Sindano zikifika kwenye mstari, boksi linafungwa na kupelekwa tanuri. Halitikiswi, halishindiliwi, haliongezwi. Kila muuguzi anajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha.

Mbuzi alichomwa nyuma ya jiko la hospitali. Mganga Mfawidhi alitoa hotuba fupi kuhusu kutunza mazingira, akasahau katikati, watu wakampigia makofi. Mimi ndiye niliyeshika kisu. Nilikata, nikagawa, nikatania kwamba wodi ya upasuaji wapewe pembe kwa sababu wao ndio walioshika mkia. Mwenzangu alikuja na mabuti yake ya mpira, akasimama upande wa ukuta. Nilimpa sahani yenye ubavu mzima. Alikula amesimama, ameegemea mguu mmoja. Niliona kwamba anaegemea mguu mmoja. Nikadhani amechoka.

Jumapili mchana nilikuwa nyumbani nachambua maharage barazani. Nikamwona anaingia, nguo za kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Kutoka Qurus hadi kwangu si karibu, na hakuwa na mazoea ya kuja. Nilimkaribisha chai, akakataa. Akakaa kwenye kigoda, akaniita kwa lile jina la utotoni.

"Ijumaa asubuhi kuna boksi limenichoma," akasema.

"Limekuchoma wapi?"

"Pajani. Kifuniko kilikuwa hakifungi, wamekibana kwa plasta. Nimelikumbatia hivi napanda ngazi, sindano ikatokea ubavuni."

"Ijumaa! Leo Jumapili!"

"Nilinawa kwa sabuni. Nikaacha damu itoke."

"Mbona hukusema?"

Alizitazama punje za maharage kwenye ungo. "Ningesema saa ngapi? Umeshika kisu, unagawa nyama, unacheka. Tangu shule sijakuona unacheka vile. Na boksi lenyewe limeandikwa wazazi. Ningesema, wale wangenyang'anywa mbuzi, na ubao wako ungefutwa."

Ungo uliniponyoka, maharage yakamwagika barazani, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Dawa za kinga ya virusi vya ukimwi lazima zianzwe kabla siku tatu hazijapita, na kila saa inayokwenda inazipunguzia nguvu. Yeye hakulijua hilo, kwa sababu mafunzo yale tulikuwa tunawapa wauguzi, hatuwapi vibarua. Nilitoka na khanga ya ndani nikasimamisha bodaboda. Tulipanda mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni, na njia nzima nilikuwa nahesabu saa tangu Ijumaa asubuhi. Hesabu ileile niliyomwambia aniachie.

Alipimwa siku hiyohiyo. Kila kitu kilikuwa safi: ukimwi hakuna, homa ya ini hakuna. Hiyo ilimaanisha tu kwamba kabla ya sindano alikuwa mzima. Sindano ilikuwa ya mgonjwa gani, hakuna aliyeweza kusema. Katika boksi lile zilikuwamo za wanawake wote waliojifungua wiki nzima. Akapewa vidonge vya siku ishirini na nane. Daktari wa zamu akauliza kama amechanjwa homa ya ini. Mwenzangu akanigeukia mimi, kama kwamba mimi ndiye ninayejua.

Na kweli nilijua. Mwaka uliotangulia ilikuja chanjo ya homa ya ini kwa wafanyakazi. Orodha niliandika mimi, kwa mkono wangu. Madaktari, wauguzi, watu wa maabara, hata makarani wawili wanaokaa kwenye chumba ambacho damu haijawahi kufika. Vibarua wa usafi na tanuri sikuwaandika. Hakuna aliyenikataza. Dozi zilibaki. Niliwaacha kwa sababu karatasi ilikuwa na safu ya cheo, na wao hawakuwa na cheo cha kujaza. Watu wanne waliokuwa wanabeba kila kitu chenye damu katika hospitali ile, mimi kalamu yangu iliwapita. Alichanjwa Jumapili ile, lakini kwa kawaida ukishachomwa na sindano yenye damu chanjo hiyo hutakiwi kuisubirisha hata siku moja, na yeye alikuwa amesubiri zaidi ya mbili.

Jumatatu nilikwenda chumba cha taka, penye mizigo ya Ijumaa ambayo ilikuwa haijachomwa, kabla watu hawajafika. Nilivaa glovu nene nikayatoa maboksi na mifuko ya wodi zote, si ya wazazi peke yake. Maboksi yalikuwa yamejaa mpaka tunduni. Mengine yametikiswa sindano zilale, mengine yameshindiliwa kwa mkasi. Mifuko ilikuwa na alama za viatu. Walikuwa wameikanyaga. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba kile na harufu yake yote, kwa sababu nilikuwa naitambua kazi ile tangu nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa lumbesa. Watoto wa wakulima wa Buger na Rhotia na Qurus, sote tuliolelewa na laana dhidi ya lumbesa, tulimpigia lumbesa mwanamke mmoja anayebeba mzigo kwa kukumbatia. Mkuki kwa nguruwe. Na kipimo cha gunia nilikiweka mimi.

Nilimwita inchaji, msimamizi wa wodi ya wazazi. Nilitaka kumfokea, kinywa kilikuwa tayari. Ni mama wa makamo, mkunga mzuri kuliko mimi nilivyokuwa, na alikuwa ameshasikia habari. Macho yalikuwa mekundu.

"Matroni, uliuliza mifuko mingapi," akasema. "Hukuuliza kilichomo. Sisi tukakupa mifuko michache."



Mganga Mfawidhi alitaka kumwandikia inchaji barua ya onyo. Nilimwambia barua hiyo ianze na jina langu. Akavua miwani, akasugua macho. "Matroni, ukianza kujiandikia barua za onyo, hospitali ataiendesha nani?" Barua haikuandikwa kwa yeyote. Nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama ingeandikwa.

Kwenye kikao cha asubuhi nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikaeleza. Nilisema nani amechomwa, na wapi, na kwa nini hakusema. Nilisema alinionya karibu na kisima na jibu nililompa, neno kwa neno. Nilisema kuhusu orodha ya chanjo. Inchaji wa wazazi alikuwa analia bila kujificha. Kisha nikaenda kantini na kitambaa chenye maji nikaufuta ubao. Vibarua watatu waliobaki walichanjwa wiki ileile, na safari hii safu ya cheo niliijaza.

Utaratibu mpya haukutoka semina yoyote. Aliutoa yeye, bila kukusudia. Siku nilipokwenda tanuri kumwambia kwamba nimemwombea kazi nyepesi kwenye chumba cha kufulia, alikataa. Vidonge vilikuwa vinamchafua tumbo, joto la tanuri lilikuwa linamzidishia kizunguzungu, lakini alisema yeye moto ameuzoea. "Ila wangekuwa wanaleta wenyewe," akasema. "Mtu akibeba mwenyewe hajazi."

Tukafanya hivyo. Kila mtu aliyetengeneza taka alipangiwa zamu ya kuzibeba mpaka tanuri kwa miguu yake: daktari, muuguzi, mtu wa maabara, Mganga Mfawidhi, mimi. Na yeye akapewa mamlaka ambayo hakuna kibarua aliyewahi kupewa hapo kwetu, ya kukataa. Mfuko usiofaa haurudishi yeye. Anaurudisha aliyeuleta.

Manung'uniko hayakukosekana. Daktari mmoja kijana alisema hakusomea kubeba takataka. Akabeba. Alifika tanuri na mfuko wa njano, ndani chupa mbili za maji ya kunywa. Mwenzangu hakumsemesha. Alinyoosha kidole, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Kijana wa watu alizitoa zile chupa mwenyewe, akarudi nazo wodini mkononi kupita mbele ya wagonjwa wote waliopanga foleni. Sijawahi kumwona tena na chupa kwenye mfuko wa njano. Mimi nilifoka miaka, yeye alinyoosha kidole.

Mifuko iliongezeka idadi, ikapungua uzito. Baadaye hata idadi ikashuka, polepole, bila mtu kuiandika popote. Watu walianza kufikiri kabla ya kufungua paketi, kwa sababu walijua ngazi ni tano na mikono ni yao. Plastiki zikaacha kuingia motoni na moshi ukawa hafifu. Uzio wa shimo ukazibwa. Bibi jirani alipata ndama kutoka kwa mwanawe, akamfunga upande wa pili wa shamba hata hivyo, mbali na sisi. Sikumlaumu.

Yeye, miezi sita yote ya vipimo, alikuwa anasubiri. Kipimo cha kwanza baada ya sindano ukimwi haukuonekana. Cha pili haukuonekana. Homa ya ini ilionekana kwenye cha pili. Daktari alituambia tusikate tamaa, watu wazima wengi mwili unaishinda wenyewe, tungoje miezi sita itimie ndipo tujue. Nikajifunza kungoja. Kila nikimwona anakuna mkono, nilitazama macho yake kama yamekuwa manjano. Nilimletea maziwa, nikamletea asali, akavipokea kwa adabu. Jina la utotoni hakuliita tena. Nilikuwa Matroni.

Siku ya majibu ilikuwa Ijumaa, na zamu ya tanuri ilikuwa yangu. Nilibeba boksi moja la sindano. Nilimkuta ameshatoka maabara, ameshavaa mabuti na aproni ndefu, anachochea makaa ya chini. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilisimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Wamesemaje?"

"Ukimwi hakuna," akasema. "Kabisa."

Nilisema asante Mungu, kwa sauti.

"Ini bado," akasema. "Wamesema sasa ugonjwa utakaa. Niwe naenda kupimwa kila nusu mwaka, na nisinywe pombe. Kwani mimi nilikuwa nakunywa pombe?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa miezi sita, ya kuomba msamaha, ya orodha, ya kisima, na yote yalikuwa ya kweli. Machozi yakatangulia. Yeye aliningoja kama wauguzi walivyozoea kuningoja nimalize. Kisha akauliza, "Wenzangu watatu wamemaliza dozi zote?"

"Wamemaliza. Mwezi uliopita."

"Haya." Akanyoosha mikono. "Nipe boksi, Matroni."

Nikampa. Akaliinua usawa wa macho, mbali na kifua, akalielekeza penye mwanga, akatafuta mstari. Alitazama kwa muda mrefu. Tangu ile Jumapili nilikuwa naogopa maboksi. Nilikuwa nayafunga mapema, yakiwa hayana hata konzi ya sindano, nayatoa wodini kama mtu anayetoa nyoka nyumbani.

"Hili halijafika hata nusu," akasema. "Rudi nalo likajae mpaka mstarini. Tusichome kadibodi bure."

Alinirudishia. Nililipokea kwa mikono miwili nikashuka ile ngazi moja, nikapita mbele ya foleni ya wagonjwa kuelekea wodini, boksi nimelishika mbali na paja, kama alivyotufundisha.